Grisi Katika Kimea cha Yasinta

Vijana wangu wa kigango, Jumapili iliyopita mlibishana mpaka chai ikapoa kwenye vikombe. Mimi nilikuwa kwenye lile benchi la nyuma, nimejitanda kitenge changu, mkadhani nimesinzia. Nani kasinzia? Nilisikia kila neno. Nusu yenu mnasema mtu akikukosea na hajaja kuomba radhi, huna wajibu wa kumsamehe, kwa sababu hata Mungu anataka toba kwanza. Nusu nyingine mnasema samehe tu, aje asije. Mwishowe mkaamua swali lipelekwe kwa Padri, halafu mkaniletea mimi daftari: "Bibi, wewe tuandikie kumbukumbu za kazi ya mashine." Kana kwamba hayo ni mambo mawili tofauti! Haya, kalamu nimeshika. Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu, vinatosha kuandikia, na habari za vile viwili visivyokuwepo ndizo jibu langu kwenu.

Lakini kazi kwanza, maana mimi ni mtu wa mashine na sitaki mtu aje aseme Bibi Leokadia alipewa daftari akaandika mahubiri.

Siku hizi mnabonyeza swichi, mashine inaanza kuzunguka, mnarudi kwenye simu zenu. Sisi tulikuwa na injini ya dizeli, ya kuwasha kwa hendeli, na asubuhi ya mwezi wa sita hapa Ufipa, baridi ile mnayoijua, injini ilikuwa inagoma mpaka uiombe. Injini ilikaa upande mmoja wa banda, mashine ya kusaga upande wa pili, na katikati yake mkanda mrefu wa mpira ndio uliochukua nguvu huku ukaipeleka kule. Ukipandisha mkanda, mashine inazunguka. Ukiuvua, injini inanguruma peke yake na mashine inatulia. Shikeni hapo kwenye mkanda, nitarudi.

Nilifundishwa Mpui, kwenye mashine ya kijiji, na Fundi Benedikto, mtu mfupi, mkali, mwenye masikio makubwa, aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya wamisionari. Nilikuwa mjane kijana mwenye watoto wawili, nimekuja kusaga mahindi yangu kama wengine. Nikamwambia, "Fundi, leo mashine yako inachechemea." Akazima, akafungua, akakuta nyundo moja ya ndani, zile zinazoponda mahindi, imelika kuliko mwenzake. Akanitazama, akasema, "Vijana wote ninaowafundisha wanataka kuwasha tu. Wewe unasikiliza. Kesho saa kumi na mbili uwe hapa." Nikadhani utani. Kesho yake saa kumi na mbili na robo akaja mpaka nyumbani kunigombeza kwamba nimechelewa.

Alinifundisha kwamba nyundo hazibadilishwi moja moja, zinabadilishwa mbili mbili zinazotazamana, la sivyo mashine itatetemeka mpaka ing'oe boliti zake. Alinifundisha kuweka kiganja pale unga unapotokea. Unga ukiwa wa moto sana, ama mahindi ni mabichi ama nyundo zimekuwa butu. Kisha unausugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na vidole vyenyewe vinakwambia kama chekeche limetoboka. Na alinifundisha kunusa magunia. Nilimdharau kwa hilo mpaka siku mfanyabiashara mmoja alipoleta mahindi kwenye magunia yaliyotoka Kirando, kule ziwani, na dagaa. Sikunusa. Nikasaga. Unga wa watu sita waliofuata ulinuka dagaa, na mama mmoja akanirudia na tonge la ugali mkononi, akaniambia, "Leokadia, leo umenipunguzia kazi, sihitaji mboga." Mpui nzima ilicheka wiki mbili.

Sasa turudi kwenye mkanda. Fundi Benedikto alikuwa na sheria yake. Ukitaka kuingiza mkono ndani ya mashine, uvue mkanda, halafu *uuvae*. Begani, kama mkoba. Maana mkanda ukiwa begani mwako, hakuna binadamu atakayeupandisha. Na anayepandisha mkanda, hata kama anaona uko sakafuni, lazima kwanza apige kelele, "Mkono!" na angoje ajibiwe, "Nje!" Asipojibiwa, hapandishi, hata foleni imtukane. Fundi aliirudia sheria hiyo kila siku mpaka siku alipougua. Tulimzika, na mashine ikabaki kwangu na kwa mwenzangu aliyeitwa Gaspari.

Gaspari alikuwa fundi mzuri, nisimsingizie. Mwepesi, mcheshi, anaimba akifanya kazi. Kasoro yake moja: hakuweza kuvumilia kugombezwa. Ukimwambia umekosea, atakutafutia sababu kumi, na zote si yeye.

Ilikuwa miaka ile mwanzoni mwa ruksa, serikali imelegeza biashara, bidhaa zimeanza kuonekana baada ya ile dhiki ya kupanga foleni ya sabuni. Mnadani Mpui ililetwa mitumba, na mimi nikapata sweta. Jamani, lile sweta! Rangi ya maziwa, vifungo vikubwa. Mara ya kwanza kulivaa nililivaa kazini, upumbavu wangu, kwa sababu nilitaka foleni ilione. Mahindi yalikuwa ya msimu mpya, watu hawakungoja yakauke, yakaganda ndani ya mashine. Nikavua mkanda. Ulikuwa wa moto, umejaa vumbi na mafuta meusi. Nikaliangalia sweta langu, nikautundika mkanda kwenye msumari. Nikafungua mfuniko, nikaingiza mkono.

Gaspari alikuwa ameenda kuchota maji ya kupozea injini. Akarudi, foleni inapiga kelele, mkanda uko kwenye msumari, mimi nimeinama nyuma ya mashine hanioni. Akaupandisha. Hakuita. Sikusikia "Mkono!" Nilisikia tu mashine imeanza.

Sitawaelezea zaidi ya hapo. Vidole viwili, cha pete na cha mwisho. Sweta sikulivaa tena.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mlipochanganya mambo Jumapili. Vidole vyangu nilimsamehe Gaspari nikiwa bado hospitalini hapa mjini. Ilikuwa ajali. Yeye hakuita, mimi sikuvaa mkanda. Tulivunja sheria wote wawili, na kama angekuja kitandani akasema "Dada, sikuita," ningemwambia "Nami nilikuwa na sweta," tungelia pamoja, basi. Hakuja. Niliporudi Mpui nikakuta kamati ya mashine imekwisha kukaa. Gaspari aliwaambia kwamba aliita "Mkono!" kwa sauti, na kwamba mimi nilijibu "Nje!" kwa sababu nilikuwa nimelewa kimpumu tangu asubuhi.

Kimpumu! Mimi! Pombe yenyewe ya ulezi nilikuwa naionja arusini tu, na kununa juu. Lakini nani angenitetea? Wale wa foleni hawakujua sheria yetu wala hawakukumbuka nani kaita nini. Kila mtu alikuwa anapiga kelele. Nikaondolewa kazini. Kwaya ikaniambia nipumzike kidogo. Watoto wangu shuleni wakaitwa watoto wa mama kimpumu. Mjane, asiye na vidole, na mlevi. Hilo ndilo nililoshindwa kusamehe. Vidole vilikuwa vimepona, jina langu ndilo lililokuwa linavuja damu kila siku nikipita njiani.

Nilimfuata mara moja. Nilimkuta anapaka grisi. Nikamwambia, "Gaspari, wewe unajua hukuita." Hakunyanyua hata uso. Akasema, "Mimi sijakukosea, dada. Mambo ya kamati yaulize kamati." Nikaondoka na watoto wangu nikaja hapa mjini, Malangali.

Ruksa hiyo hiyo iliyoleta sweta ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu watu binafsi waliruhusiwa kufungua mashine zao, zikaota kila kona. Baba Tusa, mfanyabiashara mlokole kutoka Mbeya, alikuwa amenunua mashine ya kukoboa na ya kusaga na hakuna aliyejua kuzitunza. Nikaenda kuomba kazi. Akautazama mkono wangu. Nikamwambia, "Usiangalie mkono, washa mashine." Akawasha. Nikamwambia chekeche lina tundu upande wa chini, beringi ya kushoto inaomba grisi, na huyu aliyekufungia mkanda alikuwa na haraka ya kwenda kula. Nikaajiriwa hapo hapo. Vidole vya kulia vilivyobaki vilikuwa bado na ganzi, kwa hiyo mkono wa kushoto nikaufundisha upya kusoma unga, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kazi ilikwenda vizuri. Moyo ulikuwa mbovu. Kila Jumapili kwenye sala ile aliyotufundisha Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo. Wenzangu wanaendelea, mimi kimya, kisha naingia tena kwenye vishawishi pamoja nao. Katekista Silvesta, aliyekuwa anasali nyuma yangu, aliligundua. Siku moja amekuja kusaga akaniuliza, nikamweleza yote. Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hakuwa na majibu ya haraka. Akasema, "Leokadia, Bwana alisema ndugu yako akikosa mwonye, na akitubu umsamehe. Wewe umemwonya, hajatubu. Mungu mwenyewe anataka tuungame kwanza. Usijilazimishe."

Baba Tusa alikuwa pale anahesabu magunia, akadakia. "Hapana, Katekista. Bwana pale msalabani, wale askari walikuwa wametubu nini? Bado walikuwa wanagawana nguo zake, naye anawaombea."

"Aliwaombea kwa Baba," Katekista akasema. "Kuombea ni kitu kimoja, kusamehe ni kingine."

"Sasa unamwombea mtu asamehewe na Mungu, huku wewe unamkatalia? Hiyo sala gani?"

Walibishana vile vile kama ninyi, mpaka nikawaambia wote wawili wapishe, wanaziba mdomo wa mashine. Lakini moyoni nilishachagua. Jibu la Katekista lilikuwa tamu. Lilinipa ruhusa. Nikakaa ndani ya jibu hilo miaka mitano, namngoja Gaspari atubu. Na yeye, mwenzangu, yuko zake Mpui anakula ugali, anaimba, wala hajui kama kuna mtu anamngoja! Mimi ndiye niliyekuwa nakonda.

Kisha mashine ya kijiji ikafa. Mashine za watu binafsi ziliizunguka, vipuri vikakosekana, ikafungwa. Siku moja nimesimama mlangoni namwona mwanamke kwenye foleni na debe kichwani: Yasinta, mke wa Gaspari. Walikuwa wamehamia mjini, wamepanga mitaa ya chini. Akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo dada." Alikuwa ameleta kimea cha ulezi, ule ulioloweshwa ukaota ukaanikwa, cha kutengenezea kimpumu cha sherehe. Binti yao alikuwa anapata kipaimara Jumapili ile. Kimpumu! Neno lenyewe lilinipanda kichwani.

Sasa niwaambie jambo la kazi. Ukimaliza kupaka grisi kwenye beringi, nafaka ya kwanza inayopita hunuka, kwa sababu kuna grisi inayochuruzika ndani. Kwa hiyo msagaji mwaminifu hutia kwanza pumba, anazisaga, anazitupa, ndipo anasaga chakula cha watu. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kupaka grisi. Pumba nilikuwa nazo, ziko kwenye ndoo miguuni pangu. Nikaziangalia. Nikachukua kimea cha Yasinta nikakimwaga mdomoni mwa mashine, hivyo hivyo.

Sikumwambia mtu. Nilijisikia vizuri siku nzima, niwe mkweli. Niliimba.

Kimpumu kilinuka grisi. Wageni walikunja nyuso, wazee waliokuja kutoka Mpui wakaweka vibuyu chini, na mama wa ubatizo wa binti akasema mbele za watu kwamba Yasinta hajui kupika pombe. Mtoto mwenyewe alilia na gauni lake jeupe. Jumanne Yasinta akaja. Akasimama mbele yangu, wala hakupandisha sauti. "Dada Leokadia, kimea changu kilinuka grisi."

Na mimi nikasema, bila hata kumeza mate, "Mashine yangu ni safi. Labda debe lako."

Akanitazama. Akachukua debe lake akaondoka.

Hapo niliisikia sauti yangu, na niliijua. Ilikuwa sauti ya Gaspari. Vile vile, neno kwa neno karibu: sijakukosea, dada, kaulize kwingine. Miaka mitano nilikuwa nimejiambia kwamba yeye ni mtu wa aina nyingine, na mimi wa aina nyingine. Mungu wangu! Ilinichukua asubuhi moja tu kuwa yeye.

Mnadhani nilimkimbilia nikaomba radhi? Thubutu! Niliona aibu, na aibu ikanifanya mkali zaidi. Wiki nzima niligombana na kila mtu. Baba Tusa akauliza kama nina malaria.

Jumanne iliyofuata Yasinta akaja tena na debe la mahindi. Alipanga foleni mpaka zamu yake ikafika. Nikamwambia, kwa ule ukali wangu, "Kuna mashine mbili kule kwenu chini, mbona umepanda mpaka huku?"

Akasema, "Nimekuja kwako makusudi. Ile grisi nimeiacha, dada. Hujaniomba, najua. Nimeiacha tu. Sitaki kila nikila ugali nikukumbuke kwa ubaya. Nisagie dona."

Nikasaga dona. Machozi yanaanguka kwenye vumbi la unga yanakuwa kama uji usoni, watu wa foleni wanadhani ni pumba zimeniingia machoni. Nilimsagia vizuri kuliko nilivyowahi kumsagia mtu. Lakini maneno yalikataa kutoka.

Yakatoka baada ya siku tano. Siku tano kwa sababu nilikwenda kununua ulezi, nikauloweka, nikauotesha, nikauanika, kimea kipya, debe zima, kwa mikono yangu. Nilikisaga mwenyewe, baada ya pumba, na pumba nyingine juu ya zile. Nikakibeba mpaka kwake. Nikapiga magoti mlangoni nikasema, "Yasinta, nilifanya makusudi. Halafu nikakudanganya. Nisamehe." Akaniinua, akasema, "Dada, si nilikwambia nimeiacha? Ingia ndani."

Sasa ninyi wasomi nijibuni. Toba yangu ilikuja lini, kabla ya msamaha wake au baada? Baada! Kama Yasinta angefuata jibu la Katekista, akanisubiri nitubu kwanza, nawaapia angekuwa anasubiri mpaka leo, maana mimi nilikuwa nimekwisha kujifungia ndani na uongo wangu. Msamaha wake ndio ulionifungulia. Na toba yangu nayo haikuwa bure, msinielewe vibaya. Kabla ya siku ile nilikuwa nimesamehewa lakini siwezi kumtazama usoni. Msamaha uko mikononi mwake, amenyoosha, na mimi mikono yangu imeficha kitu nyuma. Katekista alikuwa na haki kwa upande wake. Bila toba hakuna kupokea. Ila kutoa hakungoji.

Ndani ya nyumba ile Gaspari alikuwa amekaa kwenye kigoda. Aliniona, akageuza uso akaanza kukagua kiatu chake. Nami nikamwangalia. Nilikuwa nangojea hasira ije, kama ilivyokuwa mazoea. Haikuja. Nilimwona mtu aliyejifungia na uongo wake, na kule ndani nilikuwa nimetoka mimi wiki ile ile. Najua kulivyo na giza. Nikamsamehe pale pale, kimoyomoyo, nikinywa togwa ya mke wake. Sikumwambia. Jumapili kwenye sala sikufunga mdomo, na Katekista nyuma yangu akakohoa kwa mshangao.

Miezi michache baadaye Gaspari akaja kwa Baba Tusa kuomba kazi ya mashine. Baba Tusa, ambaye nilikwisha kumweleza habari zote, akaniita pembeni. "Mama, wewe ndiye utakayefanya naye kazi. Sema."

Nikasema, "Mwajiri tu. Abebe magunia, akoboe, apepete. Mkanda asiuguse."

"Kwani hukusema umemsamehe?"

"Nimemsamehe. Mkanda hataushika mpaka siku atakayosema kweli kuhusu mkanda. Msamaha ni wangu mimi natoa. Lakini mikono ya watu wanaofanya kazi hapa si yangu."

Na wewe binti uliyeuliza Jumapili kuhusu mume anayepiga, uliyeuliza ukiangalia chini, jibu lako liko hapo hapo. Msamehe. Lakini msamehe ukiwa kwa mama yako, mlango umekomewa, na mwenyekiti wa mtaa ana taarifa. Siku atakapobadilika itajulikana kwa matendo, na hata hapo huna haraka.

Gaspari akabeba magunia miaka minne. Hakunung'unika kuhusu mkanda na hakuuliza kwa nini. Nilimsalimu kila asubuhi, nikamgawia chai, nikamwuliza habari za binti. Mwanzoni alikuwa ananijibu akiangalia ukuta. Baadaye akaanza kujibu akiangalia mikono yangu. Akaanza tena kuimba. Nami nilikuwa na amani, jamani, amani ya kweli, ila bado jina langu kule Mpui lilikuwa lile lile, na hilo nilikuwa nimemwachia Mungu maana sikuwa na la kufanya.

Siku moja ya msimu wa mavuno foleni ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Akaja bibi mmoja kutoka Mpui, amekuja kumwona mwanawe mjini, ameleta mahindi kusaga. Akanitambua. Alikuwa mtu wa mizaha, hakuwa na ubaya, akageukia foleni akasema kwa sauti, "Wee! Si huyu ndiye yule aliyelewa kimpumu akasaga vidole vyake?" Foleni ikacheka. Nilikuwa nimezoea. Nikaendelea kumwaga mahindi, ingawa nilijisikia uso unanichoma, maana kulikuwa na wanangu wa jumuiya pale.

Gaspari alikuwa anapita na gunia begani. Akalishusha. Akaenda mwenyewe kuvua mkanda, mashine ikatulia, na watu wote wakamgeukia kwa sababu hakuna anayesimamisha mashine siku ya foleni.

"Hakunywa," akasema.

Yule bibi akasema, "Nani?"

"Mama Leokadia. Hakunywa siku ile wala siku nyingine. Mimi nilipandisha mkanda bila kuita. Niliogopa kamati, nikasema amelewa. Nilidanganya." Aliyasema yote, hakutafuta sababu hata moja. "Bibi, ukirudi Mpui waambie. Waambie Gaspari amesema."

Kisha akanigeukia. Mtu mzima, mvi zimeanza, unga mpaka kwenye nyusi. "Dada, nimekukosea. Nisamehe."

Nikamwambia, "Nilikwisha kukusamehe, Gaspari."

Akauliza, "Lini?"

"Mwaka ule binti yako alipopata kipaimara. Nyumbani kwako, nikinywa togwa, wewe unakagua kiatu."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe ulikuwa unasema hujanikosea."

Akakaa chini, juu ya gunia lililokuwa karibu, akalia kama mtoto, mabega yanapanda na kushuka. Yule bibi wa Mpui amejiziba mdomo kwa khanga. Nikamwekea mkono begani, huu huu wa vidole vitatu.

Akasema, "Sasa nifanye nini, dada?"

"Upokee tu. Halafu usimame, umekalia mahindi ya watu."